Sio kila mtoto asiyetulia ni mtundu, na sio kila aliyechoka akili ni mvivu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji mwenzetu aliyeandika kwamba watoto wa siku hizi hawatulii kwa sababu fimbo imepungua, alafu akaongezea kwamba hata watu wazima wanaolalamika eti akili imechoka ni wavivu tu. Ile barua ilisomwa kwa sauti ofisini kwetu walimu wakati wa chai na wengi waliikubali, mmoja akaikata akaibandika ukutani. Mimi sikuikubali na mpaka leo siikubali. Nafundisha shule ya msingi huku Mbagala, darasa la tatu na la nne, kwahiyo watoto anaowaongelea nawaona kwa macho yangu kila siku, na wazazi wao pia nawaona wanavyokuja shule wakiwa hoi.

Ngoja nianze na mtoto mwenyewe maana watu wengi wanamhukumu bila kumuangalia. Naandika ubaoni sentensi tano, watoto wanakili. Kuna kijana mmoja anaandika tarehe vizuri kabisa, anaanza sentensi ya kwanza, anafika katikati penseli inaanguka, anainama kuiokota, huko chini ya dawati anaona kamba ya kiatu cha mwenzake imefunguka anaishika, mwenzake anamsukuma na mguu, wanacheka, anainuka, ameshasahau alikuwa wapi, macho yanatafuta mstari ubaoni anaukosa, anaendelea na sentensi ya tatu akidhani ndo ile ile, bodaboda inapita nje anageuka. Wenzake wanakusanya madaftari yeye ana mstari mmoja na nusu. Nikimuita jina anashtuka kweli kweli, sio kuigiza, na ukimuuliza kwanini hujamaliza hana jibu, anaangalia chini. Huyo huyo muulize hesabu kwa mdomo, anajibu kabla hujamaliza swali. Kichwa anacho, tena kizuri.

Alafu kuna binti wa dirishani. Huyu hasumbui mtu, hatembei darasani, hapigi kelele, na ndo maana hakuna mwalimu anayemuona. Yuko kimya macho yako nje, ukimuita mara ya tatu ndo anarudi. Ripoti yake kila muhula inaandikwa "ajitahidi zaidi". Wasichana wengi wenye shida hii wako hivi na wanapita shule nzima mpaka wanamaliza bila mtu kujua, wenyewe wanaondoka wakiamini hawana akili.

Hii hali madaktari wanaiita ADHD, yaani shida ya umakini ambayo mara nyingi inakuja pamoja na kutokutulia na kukurupuka, na mara nyingine inakuja ya umakini peke yake kama kwa huyo binti. Msomaji mwenzetu anasema ni ya kizazi hiki. Hapana. Mwaka 1902 daktari wa watoto wa London, George Still, aliwaelezea madaktari wenzake kuhusu watoto ambao akili zao ni nzima kabisa lakini hawawezi kutulia wala kujizuia. Mwaka 1902 kulikuwa hamna simu, hamna katuni, hamna gemu, na fimbo kwenye shule za Uingereza za kipindi hicho zilikuwa za kumwaga, waliendelea nazo kwenye shule za serikali mpaka miaka ya 80. Kama fimbo ingekuwa dawa ya hii kitu basi wale watoto wa Dokta Still wangekuwa wameshapona zamani na tusingekuwa na jina la kuita.

Makadirio yanayotumika sana duniani ni kama watoto 5 katika kila 100. Darasa langu lina watoto zaidi ya 100, sasa piga hesabu mwenyewe. Na kwa kiasi kikubwa ni hali ya kurithi, inatembea kwenye ukoo kama urefu unavyotembea. Mara nyingi namuita baba wa mtoto naanza kumuelezea, kabla sijafika mbali anacheka anasema mwalimu huyo unayemuongelea ni mimi mtupu, na mimi nilipigwa sana. Namuuliza, zilisaidia? Wengi wananyamaza.

Sasa kuna swali ambalo kila mzazi analiuliza na ni swali zuri, mbona kwenye mpira anatulia? Mbona kwenye gemu ya simu anakaa masaa mawili hata chakula hataki? Hapo ndo watu wanapomalizia kwamba ni jeuri. Ukweli ni kwamba huyu mtoto umakini anao, ila hawezi kuuamrisha. Kitu cha haraka, chenye raha, kinachompa jibu hapo hapo, kinamkamata mpaka hasikii ukimuita. Kitu kirefu, cha kimya, ambacho faida yake ni mtihani wa mwisho wa mwaka, kinamponyoka hata kama mwenyewe anataka kukishika. Sehemu ya mbele ya ubongo inayosimamia kujizuia na kupanga, na kukumbuka ulikuwa unafanya nini sekunde kumi zilizopita, kwake inakomaa taratibu kuliko kwa wenzake na inafanya kazi tofauti. Ndo maana unamtuma dukani vitu vitatu anarudi na kimoja na chenji pungufu, na ukimpiga kesho ukamtuma tena anarudi hivyo hivyo huku analia njia nzima akijitahidi kukumbuka. Mtoto jeuri anajua anachofanya. Huyu anashangaa pamoja na wewe.

Lakini naomba nisieleweke vibaya, sisemi kila anayezubaa darasani ana ADHD, na hili ndo jambo kubwa lililonifanya nishike kalamu. Kitu cha kwanza kabisa kumuuliza mzazi, au hata kujiuliza wewe mwenyewe mtu mzima, ni tangu lini. Madaktari wenyewe wanaanzia hapo. Vigezo vinavyotumika sana vinataka dalili ziwe zimeanza kabla ya miaka 12, zionekane sehemu zaidi ya moja, yaani sio shuleni tu bali na nyumbani au madrasa au kanisani, zimekaa angalau miezi 6 na zinaharibu maisha kweli. Mtoto aliyekuwa ametulia vizuri mpaka darasa la pili alafu la tatu ghafla hashiki kitu, huyo usikimbilie kusema ana ADHD wala usikimbilie fimbo, huyo kuna kitu kimempata. Kafiwa? Wazazi wametengana? Kuna mtu anamfanyia ubaya nyumbani? Anasikia vizuri? Anaona ubao? Nimeshaona mtoto anayeitwa kilaza na darasa zima anapata miwani na ndani ya muhula mmoja anapanda, hakuna muujiza hapo, alikuwa haoni.

Na malaria. Sisi huku tunaichukulia poa kwa sababu kila mtu ameshaugua. Uganda pale hospitali ya Mulago Kampala walifuatilia watoto waliougua ile malaria iliyopanda kichwani, na miaka miwili baadae kama mtoto mmoja kati ya wanne bado alikuwa na upungufu wa akili wa aina fulani, kwenye kumbukumbu, umakini au kujifunza. Majibu yalitoka 2008. Mtoto katoka wodini anatembea anakula, kila mtu anasema Mungu mkubwa amepona, anarudi darasani, na hakuna anayeunganisha ile homa ya mwaka juzi na huku kusahau kwa leo. Mzazi ukiulizwa tangu lini, sema na hilo.

Kuna kingine kinaniuma zaidi. Kuna aina ya kifafa ambayo mtoto haanguki. Anakatika tu sekunde chache, macho yanakaza au kope zinacheza, alafu anaendelea kama hamna kilichotokea na hajui kama alikatika. Inaweza kumtokea mara nyingi sana kwa siku. Mwalimu anaona mtoto kazubaa, anampiga kofi la kumuamsha. Hicho ni kifafa na kina dawa, na hizo dawa sio za maajabu, zipo.

Tuje kwenye usingizi, maana hapa ndo naona tunawaumiza watoto kwa mikono yetu wenyewe huku tunaamini tunawasaidia. Majirani zangu watoto wao wanasoma shule za mbali, basi la shule linapita kituoni saa 10 na nusu alfajiri. Kwahiyo mtoto wa miaka 7 anaamshwa saa 10, anavalishwa akiwa amefumba macho, unamuona amekaa kwenye ngazi na begi mgongoni kichwa kimelala kwenye bega la dada wa kazi. Jioni basi linamshusha saa 12, tuisheni, homuweki, kula, analala saa 4 usiku. Hayo ni masaa 6. Wataalamu wa usingizi wa Marekani mwaka 2016 walitoa mwongozo kwamba mtoto wa miaka 6 mpaka 12 anahitaji masaa 9 mpaka 12. Tunamnyima mtoto theluthi moja ya usingizi wake kila siku, wiki nzima, miaka saba, alafu tunauliza kwanini hatulii. Na mtoto asiyelala hasinzii kama mtu mzima, watoto wengi wakichoka wanakuwa na mapepe, wanarukaruka, wanalia ovyo, wanagombana, ukimuangalia unaweza kuapa ni ADHD.

Kuna utafiti wa Marekani wa mwaka 2003 waliwapunguzia watu wazima wenye afya zao usingizi, wengine masaa 6, wengine 4, kwa wiki mbili mfululizo. Mwisho wa wiki mbili umakini wao ulikuwa umeshuka kufikia kiwango cha mtu aliyekesha bila kulala kabisa, hadi kukesha usiku mbili mfululizo. Kilichonitisha ni kwamba wenyewe walikuwa wanajiona wamesinzia kidogo tu, wamezoea. Yaani mwili unazoea kujisikia hivyo lakini akili inaendelea kushuka. Sasa hao ni watu wazima na ni wiki mbili.

Kenya angalau wameandika kwenye kanuni zao za elimu za mwaka 2015 kwamba shule za kutwa masomo yaanze saa 2 asubuhi yaishe saa 9 na nusu. Kuzifuata ni vita nyingine, lakini mzazi akitaka kubisha ana karatasi ya kubishia. Sisi tunashindana nani anaamsha mtoto mapema zaidi, na wazazi wenyewe ndo wanaisifia shule kwa hilo, wanasema ile shule iko siriasi.

Nimeshaongea sana kuhusu fimbo ila nimalizie kabisa, kwa sababu msomaji mwenzetu aliandika kama vile sheria inaruhusu tu. Kanuni ya viboko ya Tanzania ya mwaka 2002 inasema viboko visizidi 4, viwe kwa kosa kubwa la nidhamu au linaloivunjia shule heshima, na anayetoa ni mwalimu mkuu au mwalimu aliyepewa idhini yake kwa maandishi. Kutokumaliza kunakili ubaoni hakumo humo. Kusahau daftari nyumbani hakumo. Na hata uweke sheria pembeni, mtoto mwenye hofu nusu ya kichwa chake iko kwenye mkono wa mwalimu, anauangalia utanyanyuka lini, hiyo nusu iliyobaki ndo unataka ishike nomino na vitenzi. Watu wanapenda kutuambia samaki mkunje angali mbichi. Sawa, lakini anayekunja naye aangalie anakunja nini.

Sasa upande wa watu wazima, ambao yeye aliwamaliza kwa sentensi moja.

Kuna dada hapa kituoni ni wakala wa miamala ya simu, kibanda chake ni kidogo kiti kimoja na mwavuli. Kaa pale nusu saa tu umuangalie. Mteja anataja namba, yeye anairudia kwa sauti tatu tatu huku anabonyeza, wa pili anauliza dada una floti, wa tatu keshanyoosha noti dirishani, simu ya pili inalia, mtu anataka kutoa na kitambulisho amesahau, konda anapiga kelele pembeni, na yeye kati ya hayo yote tarakimu moja ikikosewa pesa imeenda kwa mtu asiyemjua na hiyo hasara ni yake. Kuanzia saa 1 asubuhi mpaka saa 3 usiku. Mwaka 1948 Muingereza mmoja Norman Mackworth aliwapima watu kazi ya kukodolea macho kitu kama saa, wasubiri mshale uruke hatua mbili badala ya moja, alikuwa anatafuta kwanini waangalizi wa rada za jeshi wanapitwa na vitu. Akakuta ndani ya nusu saa tu watu wanaanza kukosa. Nusu saa, na hawakuwa na foleni mbele yao. Huyu dada anafanya masaa 14.

Na juu ya hapo ana mkopo wa kausha damu. Wasomaji wa huku wanaijua hii mikopo, unachukua laki tatu marejesho kila wiki na kwingine kila siku, ukichelewa wanakuja kubeba friji na godoro mbele ya watoto. Ile ya kwenye simu ndo balaa zaidi, wanatuma meseji kwa watu wote kwenye namba zako kwamba wewe ni tapeli, mpaka mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ikabidi itoe orodha ya programu 69 za mikopo zisizo na leseni. Sasa huyu mama anahesabu pesa za wateja na wakati huo huo kichwani anahesabu ya marejesho, nikope kwa nani nimlipe huyu, nimuombe nani anishikie mpaka Ijumaa. Ukimsalimia anaitikia kitu kingine. Ameacha jiko linawaka. Mtoto wake ndo mmoja wa wale wanaokuja bila daftari, na mama alipoitwa shule aliniambia mwalimu yaani kichwa changu kimejaa, naongea na wewe sikusikii.

Mimi namuamini. India kule Tamil Nadu watafiti waliwapima wakulima wa miwa, mtu yule yule, mara moja kabla ya mavuno akiwa hana kitu na madeni yamemkaba, mara ya pili baada ya mavuno akiwa na hela. Utafiti ulitoka 2013. Kabla ya mavuno walifanya vibaya kwenye vipimo vya kufikiri na umakini, baada ya mavuno wakafanya vizuri. Ni watu wale wale, hawakwenda shule hapo katikati, hawakuongezewa akili, madeni tu yalipungua kichwani. Kwahiyo mtu akikwambia akili imechoka ujue kuna kitu kinaila, na kumwambia acha uvivu ni kumuongezea mzigo.

Kazi nazo. Mwaka 1974 daktari wa saikolojia wa New York, Herbert Freudenberger, aliandika kuhusu watu waliokuwa wanajitolea kwenye kliniki ya bure, watu wenye moyo kabisa, jinsi walivyoishiwa nguvu mpaka wakawa hawawajali tena wagonjwa ambao wao ndo walikuja kuwasaidia, hali ambayo kwa Kiingereza inaitwa burnout. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani likaiweka kwenye mwongozo wake mpya wa magonjwa, sio kama ugonjwa bali kama hali inayotokana na kazi, stresi ya kazini ya muda mrefu ambayo haikushughulikiwa. Wakataja vitu vitatu, nguvu kuisha kabisa, kuichukia au kujitenga na kazi yako moyoni, na kuona huna tena unachokiweza. Nilipoyasoma hayo niliwaona wenzangu ofisini mmoja mmoja. Mwalimu ana madaftari mia na kitu ya kusahihisha, maandalio ya masomo, michango, zamu ya getini, na nyumbani wanae wanamsubiri. Anapomuona mtoto hajamaliza kuandika hana tena chembe ya uvumilivu iliyobaki, mkono ndo unaongea. Mtoto aliyechoka anafundishwa na mwalimu aliyechoka na jioni anapokelewa na mama aliyechoka, na wote watatu kila mmoja anamuona mwenzake mkorofi.

Ndo maana nasisitiza lile swali la tangu lini hata kwa watu wazima. Mtu wa miaka 35 anayesahau funguo, anayeanza kazi tano hamalizi hata moja, anayechelewa kila sehemu, akikumbuka kwamba hata darasa la pili alikuwa hivyo hivyo na mama yake alikuwa anamfungia hela ya nauli kwenye leso asiipoteze, huyo inawezekana kabisa ana ADHD ambayo haikuonekana, kwa sababu kwa watu wengi haiishi ukubwani, inabadilika tu, ule utukutu unahamia ndani unakuwa kichwa kisichonyamaza. Na huyo huyo anachoka kuliko wenzake kwa sababu kila siku anatumia nguvu mara mbili kuonekana wa kawaida. Lakini yule ambaye alikuwa mtu makini miaka yote alafu tangu mwaka jana ndo hakumbuki, halali, hana raha na kitu chochote, huyo akaangaliwe msongo na sonona, apimwe na damu, maana upungufu wa damu na tezi ya shingo vinaweza kumfanya mtu akawa hivyo hivyo kabisa. Kina mama wanaopoteza damu nyingi kila mwezi wanatembea na kichwa kizito miaka na miaka wanaambiwa wamezidi kudeka. Uchovu wa kawaida ukipumzika kweli unapungua. Ukirudi likizo ya wiki mbili uko vile vile au umezidi, hapo sio uchovu wa kawaida.

Kuna watakaosema haya ni mambo ya wazungu. Kule Zimbabwe wana hali ya kuwaza kupita kiasi wanayoielewa mpaka bibi wa kijijini, na Profesa Dixon Chibanda wa Harare kuanzia 2006 aliwafundisha kina bibi wa mtaani kukaa na mtu kwenye benchi nje ya zahanati wamsikilize na kumsaidia kutatua shida moja baada ya nyingine. Utafiti wake ulipotoka 2016 ulionyesha waliokaa kwenye yale mabenchi walipata nafuu kubwa kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Sisi bibi tunao, mabenchi tunayo, zahanati zipo.

Kwa watoto wenye ADHD vitu vinavyosaidia havihitaji hela nyingi. Yule kijana wangu nimemtoa nyuma nimemkalisha mbele mbali na mlango. Badala ya sentensi tano nampa mbili, akimaliza ananiletea, nasema vizuri hapo hapo, anapewa mbili zingine. Yeye ndo anafuta ubao na kugawa madaftari, kwa sababu mwili wake lazima utembee na bora utembee kwa kazi kuliko kwa ugomvi. Maelekezo moja moja, uso kwa uso, na yeye anirudishie nilichosema. Hajawa malaika, kuna siku inashindikana kabisa, lakini anamaliza kuandika. Kwa mia na kitu siwezi kumfanyia kila mmoja hivyo na hilo nalisema waziwazi kwa wanaohusika, mwalimu mmoja watoto mia huwezi kumuona binti wa dirishani hata uwe na macho manne. Dawa zipo pia na zinawasaidia wengi, ila ni za kuandikiwa na daktari baada ya kumchunguza mtoto vizuri, sio za kununua kwa kusikia.

Shida inakuja pa kwenda. Ukimwambia mzazi ampeleke mtoto kitengo cha afya ya akili anaruka, mwalimu unataka kusema mwanangu wa Mirembe? Watu wengi kwao afya ya akili ni hiyo tu hospitali ya Dodoma, hawajui kwamba Muhimbili na hospitali nyingi za rufaa za mikoa kuna wanaoshughulika na haya mambo, na kwamba kuna wataalamu wa tiba kazi wanaomfundisha mtoto jinsi ya kujipanga. Badala yake anapelekwa kwa mganga, kachezewa, ana jini, anachanjwa, hela inaisha na mwaka unaisha.

Kwahiyo Mhariri ombi langu kwako ni hili. Ile kolamu yenu ya afya ya kila wiki mtafuteni daktari wa afya ya akili ya watoto aandike hata mara mbili tatu, ataje hospitali kwa majina, mkoa kwa mkoa, siku za kliniki, mzazi afike mlango gani aulizie nani, na bima inalipa au hailipi. Na kwa wizara, kwenye fomu ya kuandikisha mtoto darasa la kwanza ongezeni maswali machache, aliwahi kuugua malaria kali au degedege, anasikia, anaona, analala saa ngapi na anaamka saa ngapi. Sisi walimu tutayajaza, tunajaza mengi kuliko hayo.

Msomaji mwenzetu naye akipenda aje shuleni kwetu asubuhi moja, akae nyuma ya darasa vipindi viwili, nitamuonyesha alipokaa kijana na alipokaa binti.

Mwalimu wa shule ya msingi,
Mbagala, Dar es Salaam